Weusi Usiochafua Shela

Jumamosi ya harusi, saa moja kasoro robo asubuhi, moshi wa mkaa bado umetanda juu ya mabati ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na mzee muosha magari ameshachuchumaa mbele ya gurudumu la kwanza. Gari ni Toyota Sienta ya rangi ya fedha. Limeingia usiku kutoka Lilongwe, na vumbi jekundu la Dowa limelipaka mpaka kwenye vioo. Wenye harusi wanazunguka boneti, wanagusa milango, wanabishana riboni zifungwe wapi. Yeye hana habari na huko. Ameweka kiganja kwenye ubavu wa tairi, ametulia hivyo, kama mama anayempima mtoto homa. Kisha akasema, "Imepoa. Tuanze."

Hii ni mara ya nne nakuja kumtazama. Mara ya kwanza nilileta gari la jirani. Mara tatu zilizofuata nimekuja na kigoda changu tu.

Kibandani kwake, ndani ya saa moja, kitu kimoja utakisikia kwa majina matatu. Mzee ni mtu wa Fizi kule Kongo, anasema mupira. Dereva aliyejifunzia udereva Mbeya anasema tairi. Kijana wa Kimalawi anayeuza sabuni anasema tayala. Wote wanaelewana na kazi inakwenda.

Jina lake sitalitaja, ameniomba hivyo. Ufundi wa kuosha magari aliupatia Mitundu, kituo cha biashara kilichoko kusini mwa Lilongwe, upande ule wa Bunda. Huko aliosha malori madogo ya wanunuzi wa mahindi na karanga, na magari ya watu wa mjini wanaokuja kukagua mashamba yao. Mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, alirudi na ndoo tatu, brashi mbili na kipande cha godoro alichokichonga mwenyewe kwa kisu. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine, na sokoni Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Kwenye msongamano kama huu mtu hupata jina kwa jambo dogo analolifanya vizuri kila siku. Kuna mama anayejulikana kwa maandazi. Kuna kinyozi anayejulikana kwa kichogo. Huyu anajulikana kwa tairi.

Nina sababu yangu ya kujali. Miaka michache iliyopita tulikuwa na harusi ya binti wa dada yangu. Gari lilioshwa mjini kwa haraka, mahali nisipopataja, na tairi zikapakwa dawa ya kung'arisha hadi zikawa kama zimetoka mtoni. Tulifurahi sana. Lilipofika kanisani, nyuma ya kila gurudumu kulikuwa na madoa meusi yaliyorukia mlangoni, yamepangana kama nzi. Hayo tungeweza kuyafuta. Lakini bibi harusi aliposhuka, upindo wa shela ulipita kwenye tairi, ukatoka na mstari mweusi wenye urefu wa kiganja. Dada yangu alijaribu sabuni, akajaribu chumvi na ndimu, na kila alivyosugua doa lilipanuka. Katika picha zote za siku ile mtoto wetu ameshika kikunjo cha nguo kwa mkono wa kushoto, anaficha. Tangu hapo, kila nikiona tairi inayometa naisogelea na kuigusa kwa kidole.

Hiyo dawa ndiyo kazi ya mwisho katika kuosha gari, na ndiyo inayoonekana rahisi kupita zote. Chupa, sponji, zungusha mkono, basi. Ndiyo maana inaharibiwa kila mahali.

Kwa mzee inaanza mbali sana na chupa. Inaanza na maji. Hapa maji ni foleni. Asubuhi hathubutu kwenda kwenye pampu, maana asubuhi pampu ni ya kina mama na watoto wanaokimbilia shule. Huchota jioni, giza likishaingia, akayafunika. Ndoo ya magurudumu ameifunga kitambaa chekundu kwenye mpini ili mkono usije ukakosea, kwa kuwa mchanga unaotoka kwenye gurudumu ukiingia katika ndoo ya mwili wa gari utachora rangi kama msasa. Magurudumu huoshwa kwanza, yakiwa bado na uchafu wake, kabla gari lenyewe halijaguswa. Mashine ya kurusha maji hana, na hata angekuwa nayo umeme ungemwangusha. Ana mkono na brashi ngumu ya kufulia.

Anasugua kwa vipande, kiganja kwa kiganja, kuzunguka duara. Povu la kwanza linatoka na rangi ya chai ya maziwa iliyokaa jikoni kupita kiasi. Nilidhani ni vumbi letu tu. Sivyo. Kiwandani, mpira wa tairi huchanganywa na nta na dawa za kuukinga na ozoni, ile hewa inayoupasua mpira nyufa nyembamba. Kinga hiyo haikai ilipowekwa. Tairi likizunguka na kujikunja chini ya uzito, inapanda polepole kutoka ndani hadi kwenye ngozi ya nje, na ikikutana na hewa inageuka kahawia. Kwa hiyo ile kahawia inayotukera, tukidhani tairi limezeeka, mara nyingi ni tairi linajilinda. Shida yake ni kwamba dawa ya kung'arisha ikipakwa juu yake haishiki mpira, inashika uchafu. Inakaa mabaka mabaka, na siku ya pili inaondoka pamoja na kile ilichokishika.

Mzee hazijui hesabu za viwandani, ila povu analijua. Anasugua, anamwagia kikombe kimoja cha maji, anasugua tena. Mara ya pili povu ni kama uji wa ulezi. Mara ya tatu, mara chache ya nne, linabaki jeupe. Hapo anaacha papo hapo, haongezi hata mzunguko mmoja. Petroli haitumii, dizeli haitumii, ingawa nimeona wengi wakizitumia kwa kuwa zinatoa uchafu upesi. Zinatoa uchafu na zinakula mpira. Mpira ukinywa mafuta hayo unavimba na kulegea. "Unataka kunawisha mutoto ama kumuchuna ngozi?" alimuuliza siku moja kijana anayemsaidia, aliyekuwa ameshika kopo la petroli. Kijana alilirudisha bila kujibu.

Kisha anaomba jambo ambalo sijamsikia muoshaji mwingine akiliomba: "Sukumeni gari, nusu duara tu." Tunasukuma. Sehemu iliyokuwa chini, imebanwa na uzito, inapanda juu. Iliyokuwa imefichwa na madigadi inateremka mbele ya macho. Jiwe linawekwa nyuma ya gurudumu na anaanza tena pale alipokuwa hajafika. Ukitaka kujua kama muoshaji alikuwa na haraka, tazama tairi gari likiwa limesogea nusu duara. Utaona kipande cha kijivu kama kiraka, na kipande hicho kinakueleza yote.

Mwili wa gari sitauelezea. Wanauosha vizuri, na wengi wanajua jinsi unavyooshwa.

Lakini kukausha tairi, hapo nilikaa kimya nikitazama. Tairi lina maandishi, na maandishi yana mashimo. Jina la kiwanda, ukubwa, mishale, nambari, kila herufi ni kisima kidogo, na kitambaa hakifiki chini yake. Maji yakibaki humo yataipunguza dawa nguvu na kuitiririsha. Mzee anachukua pampu ya baiskeli. Mguu mmoja kwenye pampu, mkono mmoja umeshika mpira wake wa upepo, anapuliza herufi moja baada ya nyingine, fii, fii, fii, na matone yanaruka. Nilihesabu pumzi kumi na sita kwa ubavu mmoja. Anamalizia kwenye ule mfereji mwembamba ambapo tairi linakutana na ringi. Watu wa kwetu huuita mdomo wa janti. Ndipo maji yanapojificha zaidi.

Tairi likiwa safi na kavu halipendezi. Ni jeusi lililofifia, karibu na kijivu, kama mkaa uliozimika. Watu wengi hukata tamaa hapo na kuikimbilia chupa. Mimi nimejifunza kuipenda rangi hiyo, kwa sababu ina historia. Utomvu wa mpira kwa asili ni mweupe, na tairi za mwanzo zilikuwa za rangi hafifu; ndiyo maana yule mtu wa kampuni ya Michelin aliyeundwa kwa tairi, aliyezaliwa kwenye matangazo yao mwaka 1898, ni mweupe mpaka leo. Baadaye, katika miaka ya 1910, viwanda vikaanza kuchanganya mpira na masizi, vikaona unastahimili msuguano wa barabara mara nyingi zaidi. Tairi likawa jeusi moja kwa moja. Ni masizi, ndugu wa yale tunayoyasugua kwenye sufuria kwa majivu. Jikoni tunayafukuza, barabarani ndiyo yanayotubeba.

Basi dawa haiongezi weusi. Weusi upo. Ngozi ya tairi ina mikwaruzo na vinyweleo visivyoonekana, na mwanga ukiipiga unatawanyika, jicho linaona kijivu. Dawa inajaza vile vinyweleo, mwanga unatulia, na weusi uliokuwamo unajitokeza, kama jiwe la mtoni linavyokolea rangi likilowa. Ukishaelewa hivyo unaelewa kwa nini kidogo kinatosha. Kilichozidi kile kinachojaza vinyweleo hakina pa kukaa. Kinakaa juu, kinangoja gurudumu lizunguke.

Dawa zenyewe ni za namna nyingi. Kuna ile nyepesi inayonata, yenye harufu ya mafuta ya taa, silikoni iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vya petroli. Inang'aa kama kioo na haikauki upesi. Hiyo ndiyo iliyoharibu harusi yetu. Kuna nyeupe kama maziwa, silikoni iliyochanganywa na maji: maji yanaruka, unabaki utando mwembamba juu ya mpira, mkavu. Halafu kuna za kwetu za kubuni. Glisirini ya dukani iliyozimuliwa kwa maji. Mafuta ya kujipaka. Rangi ya viatu. Oili chafu ya injini, ambayo kwa kweli ni dhuluma kwa tairi. Mzee anapendelea ile ya maziwa akiipata. Tangu kwacha ya Malawi iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, kila chupa inayotoka nje ya nchi anaishika kama dawa ya hospitali. Akiikosa anatumia glisirini, na anamwambia mteja waziwazi: wakati wa mvua itaondoka na mvua ya kwanza, na wakati wa kiangazi itavuta vumbi, kwa kuwa glisirini inapenda unyevu na vumbi linapenda kilicho na unyevu. Mteja aamue mwenyewe.

Leo ipo ya maziwa. Ni harusi.

Kile kipande cha godoro kina umbo la kipande cha tikiti. Upande mmoja umechongwa ukaingia ndani, uende na mgongo wa tairi. Upande mwingine umenyooka, wa kushikia. Hamwagii dawa kwenye tairi hata siku moja. Anaidondoshea kwenye sponji, kama kijiko kimoja cha chai, kisha anaikunja na kuibana mara tatu hadi nyeupe yote iingie ndani, isionekane. Sponji inayometa kwa juu, kwake, haijawa tayari.

Anaanza ndani, kwenye mdomo wa ringi. Mkono wa kushoto umeshika kadi ngumu ya plastiki iliyokwisha muda wake, ameiegemeza kwenye ukingo wa ringi kama ukuta, na sponji inapita kando ya ukuta huo. Kadi inasogea, sponji inaifuata. Ringi haipati hata tone. Nilitazama miguu yake nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona mara zilizopita: mkono wenyewe hauzunguki. Kiwiko kimetulia juu ya goti, na ni miguu inayohama, hatua ndogo za pembeni akiwa amechuchumaa, ili tairi lote lipakwe kwa pembe ileile na uzito uleule wa mkono. Kwenye herufi anaacha sponji, anachukua mswaki wa zamani wenye nywele laini, anapita mara moja kukata maandishi na mara moja kufuata maandishi. Kisha anarudi kwenye sponji, anatoka nje taratibu, mpaka begani, pale ubavu unapoishia na meno yanapoanza.

Hapo anasimama. Mstari huo ndio ninaoupenda kuliko kitu kingine chote katika kazi yake. Weusi unakata hapo kama upindo wa kanzu iliyopigwa pasi. Upande huu umekolea, upande ule ni mpira mtupu wa kukanyagia barabara, haujaguswa. Silikoni kwenye meno ni utelezi, na utelezi kwenye breki ya kwanza unaweza kuwa msiba. Lakini yeye haupati mstari ule kwa hofu. Anaupata kwa sababu sponji yake imechongwa iishie pale, na kwa sababu kila gari analolipaka analipaka kama lile la mwisho kabla hajalala.

Kijana alipewa gurudumu la nyuma la kushoto. Alipaka vizuri, kisha akarudia, kisha akaongeza kidogo ili lipendeze zaidi. Mzee alimwona kwa pembe ya jicho.

"Acha mupira ikunywe kwanza, mwanangu. Ukiijaza, itakutapikia kwenye mulango."

"Ndiyo, papa."

Dakika kumi zinapita. Anafuta vioo kwa gazeti, anazungumza na wenye riboni. Haharakishi; anachokingoja ni kule kunywa. Tairi lenye vinyweleo vilivyo wazi hunywa zaidi, lililofungwa hunywa kidogo, na mtu hajui mpaka amengoja. Baada ya hapo anachukua fulana kuukuu ya pamba, nyeupe, na kuanza kufuta. Hapa ndipo mara ya kwanza nilipotaka kumshika mkono. Tairi lilikuwa zuri, linameta, na yeye analifuta! Anabana kitambaa, anakizungusha, anakigeuza upande safi, anarudia. Kitambaa kinatoka na sehemu kubwa ya dawa aliyoipaka. Mng'ao wa majimaji unaondoka na badala yake unabaki weusi uliotulia, mzito, kama wa tairi lililoshushwa leo kwenye meli Dar es Salaam. Kupaka anakujua kila mtu. Kule kufuta ndiko kulikomfanya nimtafute tena.

Mwisho anageuza mkono, anapitisha mgongo wa kidole kwenye ubavu, halafu anakipitisha kidole hichohicho kwenye ukosi wa shati lake. Shati lake la kazi ni jeupe. Nilimuuliza kwa nini muoshaji magari avae nyeupe. Alisema, "Mwalimu, nikivaa nyeusi nitajuaje?"

Kuna kazi anazozikataa, nazo zimenifundisha kama zile anazozikubali. Vijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, huja wakitaka tairi zao zing'ae kama za magari. Anawaosha, anawakaushia, dawa hawapi. Pikipiki inalala kwenye kona, na ikilala inakanyagia mpaka pembeni, palepale ambapo dawa ingekuwa imepakwa. Anawaeleza kwa Kichewa cha Mitundu, taratibu, na wengine wanaondoka wamenuna. Pedali za gari pia hapaki, hata mwenye gari akiomba ndani kote kung'ae.

Na kuna lile la Corolla. Mara ya pili nilipokuja, dereva mmoja wa abiria alitaka tairi zipakwe upesi kabla hajaenda kuonyesha gari kwa mnunuzi. Mzee aliosha. Akakausha. Akapuliza herufi, na alipofika kwenye zile tarakimu nne za mwisho, zilizo ndani ya kiduara kirefu, akamwita dereva aje asome: 2311. Tarakimu mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Akavuta ngozi ya ubavu kwa vidole gumba viwili, na nyufa zikafunguka, nyembamba, nyingi, kama udongo wa bwawa lililokauka. Dereva alisema anajua, ndiyo maana anataka dawa. Mzee akakunja kitambaa chake.

"Nikiipaka, yule mwenzako hataona."

"Hiyo si kazi yako, mzee. Wewe paka."

Hakupaka. Alichukua pesa ya kuosha tu, na siku ile alikuwa na gari hilo moja. Dawa ya tairi, ikitumiwa hivyo, inageuka kuwa uongo, na uongo wenyewe uko kwenye kitu kinachobeba familia za watu kwa mwendo wa kasi. Nilirudi nyumbani nikifikiria kwamba yule mtu anayeng'arisha tairi kuliko wote kambini ndiye pia anayejua wakati wa kutoling'arisha.

Siku hiyo ndiyo aliyonisimulia habari za mpira. John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi lake la upepo akiwa Belfast mwaka 1888, wakati Kongo nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold, aliyeishika tangu 1885 hadi 1908. Dunia ikaanza kutaka mpira, na katika misitu ya Kongo watu wakalazimishwa kuukamua kwenye mimea itambaayo ya porini. Asiyefikisha kipimo aliona mateso, na picha za watu waliokatwa mikono zimebaki hadi leo. Mzee hakusoma vitabuni, alisimuliwa akiwa mtoto. Alisema, "Mikono ya watu ilikatwa kwa ajili ya hii kitu," huku mikono yake miwili iko juu ya tairi, imejaa povu. Halafu akaendelea kusugua. Sikuwa na la kuongeza wakati ule, na hata sasa sina.

Tamasha la Tumaini, ambalo limekuwa likifanyika hapa Dzaleka tangu mwaka 2014, huleta magari mengi kutoka Lilongwe, na waoshaji wote hupata kazi. Wengine siku hizo huosha magari ishirini. Yeye hupokea sita, saba. Nimemwona akimrudisha mtu mwenye gari kubwa la fahari, kwa upole, akimwelekeza kwa jirani, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda na tairi zilikuwa za moto. Kwenye mpira wa moto dawa hukauka kabla haijaingia, ikaacha michirizi. "Jioni ikipoa, rudi." Kuna walioona ni kiburi. Mimi naona ni mtu anayejua kile ambacho mikono yake inaweza kukisimamia.

Basi Sienta ya harusi. Saa tatu ilikuwa tayari. Riboni zilifungwa, maua yakawekwa, na watu wakasifu rangi ilivyotakata. Sikusikia mtu akizisifu tairi, nami naona ndivyo inavyotakiwa iwe, maana hazikupiga kelele. Zilikaa chini ya gari kama viatu vilivyopigwa brashi chini ya suti. Mzee aliomba gari lisogezwe kidogo, akachuchumaa akatazama kila gurudumu kwa mara ya mwisho, akapata nukta moja kwenye ringi ya mbele kulia, akaifuta kwa kucha iliyofunikwa kitambaa.

Niliwafuata kanisani kwa miguu, si mbali. Honi zililia, kwaya ikaanza kabla mlango haujafunguliwa. Bibi harusi alishuka upande wa nyuma kushoto, kwenye gurudumu la kijana. Wasimamizi walikuwa wanahangaika na maua, na hakuna aliyeshika shela. Ilimwagika nje, ikaangukia tairi, ikaburuzika juu yake yote, kutoka begani hadi kwenye ringi, kisha ikafuata ngazi za kanisa. Nilisogea nikaitazama kwa karibu kuliko ilivyo adabu. Ilikuwa nyeupe mpaka kwenye upindo.

Jioni gari lilirudi kibandani. Lilikuwa limezunguka kambi nzima na barabara za vumbi hadi kwa wakwe, limekuwa jekundu tena. Nilidhani kazi imekwisha kuliwa. Mzee aliinama akapuliza ubavu wa tairi kwa mdomo, na vumbi likaondoka kama unga kwenye ungo, halikuwa limeshika. Alipitisha ile fulana kuukuu mara moja kuzunguka duara, ikiwa kavu, bila maji wala dawa, na weusi wa asubuhi ukarudi. Akaikung'uta, akaianika kwenye kamba karibu na ndoo yenye kitambaa chekundu, akamwita kijana waende pampuni, foleni ilikuwa imepungua.